Sensa ya Moshi: Wenye Viwanda Wanaposhindana na Wanapopatana

Katika gereji za Kampala, toka Katwe hadi Ndeeba, hakuna taa inayowaletea mafundi maneno mengi kama ile ndogo ya manjano iwakayo kwenye dashibodi, yenye picha ya injini. Mwenye gari huja amekasirika, akisema kwamba petroli inakwisha upesi na nguvu hazipo. Fundi huchomeka mashine ya kupimia, nayo humjibu kwa herufi na namba. Mara nyingi jibu ni kwamba kuna kasoro katika sensa ya oksijeni, ile iliyofungwa kwenye bomba la moshi.

Hatuzungumzi hapa juu ya sensa ya kuhesabu watu. Sensa tunayoisema ni kidude cha chuma, urefu wake kama kidole, chenye waya mkiani, ambacho kazi yake ni kunusa moshi wa injini na kuipa kompyuta ya gari habari zake.

Katika gereji moja tulimkuta fundi kijana aliyekatwa ujira kwa ajili ya kidude hicho. Mashine ilimwambia sensa, naye akabadilisha sensa. Baada ya siku mbili taa ikawaka tena. Mwenye gari akarudi akifoka, na mwenye gereji akaamua kwamba bei ya sensa mpya itolewe katika malipo ya kijana, kidogo kidogo, hadi iishe. Ni fundi mzee wa gereji ya jirani aliyeugundua ubovu wenyewe. Palikuwa na ufa mwembamba katika bomba la moshi, juu kidogo ya mahali sensa ilipofungwa. Hewa ya nje ilikuwa ikiingia kwa ufa ule, sensa ikaona oksijeni nyingi, ikatoa habari yake kwa uaminifu.

"Mwanangu," mzee alimwambia, "huyu alikuwa shahidi. Wewe umemfunga shahidi, mwizi umemwacha."

Tukaona ni vema tuwaeleze wasomaji wetu habari za kidude hiki: kilitoka wapi, ni nani wanaokitengeneza, na kinaelekea wapi. Nyuma yake pana mashindano makubwa ya viwanda vya Ujerumani na Japani. Na kwa kuwa mfanyakazi, awe wa Ulaya au wa Katwe, huambiwa kila siku kwamba hana budi kujinyima kwa sababu ya mashindano, ni haki yake kujua mashindano hayo yalikuwaje hasa.

KINANUSAJE?

Injini ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili kuchoma kilo moja ya petroli barabara. Hewa ikipungua, petroli haiungui yote, na moshi hutoka na sumu nyingi ya kaboni. Hewa ikizidi, kunakuwa na sumu za naitrojeni. Kile chombo cha kusafishia moshi kilicho chini ya gari huweza kuziondoa sumu zote hizo kwa pamoja ikiwa tu kipimo cha hewa na petroli ni sawasawa. Kipimo hicho hakiwezi kushikwa kwa bisibisi wala kwa sikio la fundi, hata awe hodari namna gani, kwa maana hubadilika kila dereva anapokanyaga mafuta.

Ndani ya sensa mna kauri ya zirkonia iliyopakwa platini pande zote mbili. Upande mmoja hugusa hewa safi, wa pili hugusa moshi. Kauri ile ikipata joto la kutosha, kiasi cha nyuzi 300 na zaidi, hupitisha chembe za oksijeni, na tofauti ya oksijeni baina ya pande mbili huzaa umeme mdogo. Petroli ikizidi, umeme huwa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, hushuka karibu na volti 0.1. Kompyuta husoma umeme huo na kuongeza au kupunguza petroli, kisha husoma tena, bila kupumzika.

Elimu hii haikuzaliwa katika kiwanda cha magari. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Kijerumani Walther Nernst, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920, alikwisha chunguza jinsi kauri ya namna hiyo inavyopitisha umeme ikiwa na joto. Elimu ilikaa vitabuni zaidi ya nusu karne bila kutiwa katika gari. Kilichokosekana ni mtu wa kuinunua.

SHERIA ILIFUNGUA SOKO

Aliyelifungua soko hilo si mfanyabiashara. Ni wananchi waliochoka kukohoa. Mji wa Los Angeles, katika jimbo la California, ulikuwa umefunikwa na moshi wa magari kwa miaka mingi. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya hewa safi, na California ikajiwekea masharti makali zaidi. Wakubwa wa viwanda vya magari walilalamika kwamba masharti hayo hayatimiziki na kwamba yatawaharibia biashara.

Yalitimizika. Mwaka 1976 kampuni ya Volvo ya Uswidi ilitoa magari ya kuuzwa California yenye sensa ya oksijeni iliyotengenezwa na Bosch ya Ujerumani, pamoja na chombo cha kusafishia moshi. Mambo yaliyosemwa kuwa hayawezekani yakawa yanauzwa dukani.

Lakini sensa ina adui yake, nayo ni petroli yenye madini ya risasi. Risasi huiua platini ya sensa na ya chombo cha kusafishia moshi. Ndiyo maana kwetu Afrika vyombo hivyo vilikaa miaka mingi bila faida. Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakaafikiana kuiondoa risasi katika petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 kazi hiyo ilikuwa imetimizwa. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Watoto waliokuwa wakiivuta risasi hiyo kando ya barabara zetu walipata faida kubwa kuliko injini yoyote.

Sheria iliongeza soko mara nyingine. Kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani ilidai kila gari jipya dogo liweze kujipima lenyewe na kumwashia dereva taa moshi unapoharibika. Ili kutimiza hayo ikabidi sensa ya pili ifungwe nyuma ya chombo cha kusafishia moshi, iangalie kama chombo kinafanya kazi. Gari lililohitaji sensa moja likahitaji mbili, na injini yenye mabomba mawili ya moshi ikahitaji nne. Ile taa ya manjano inayowasumbua mafundi wa Katwe ilizaliwa katika sheria hizo.

MASHINDANO YALIVYOKUWA

Soko lilipokuwa kubwa, kampuni tatu zilisimama mbele: Bosch ya Ujerumani, pamoja na Denso na NGK za Japani. Wengi wetu tunazijua kwa plagi zao. Mtu anayejua kuchoma kauri ya plagi isipasuke katika moto wa injini yuko karibu na kujua kuchoma kauri ya sensa.

Hatukatai kwamba mashindano yao yalizaa maarifa. Sensa za kwanza zilikuwa hazina joto la kwao wenyewe. Zilingoja moshi uzipashe, na muda wote huo injini baridi ilikuwa ikitoa sumu nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Baadaye zikatiwa waya wa kupasha joto ndani yake, na ndiyo sababu fundi huona leo sensa yenye waya tatu au nne badala ya mmoja. Katika miaka ya 1990 zikaja sensa ambazo haziishii kusema "petroli imezidi" au "imepungua", bali hutaja imezidi kwa kiasi gani. Tena zikaja za kauri bapa, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, ambazo hupata joto kwa sekunde chache tu.

Kila hatua ya namna hiyo ilipitia mikononi mwa wafanyakazi: wapondaji wa kauri, wachomaji, wapakaji wa platini, wapimaji. Nao waliambiwa neno lile lile kila mkataba ulipofika mezani, kwamba mshindani yuko mlangoni, na anayedai nyongeza anampa mshindani ushindi.

MEZA YA PILI

Sasa tuseme lililokuwa likitendeka kwenye meza nyingine.

Mwezi Agosti 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba NGK imekubali kukiri kosa na kulipa faini ya dola milioni 52.1. Kosa lenyewe lilikuwa kupatana na wenzake juu ya bei za plagi na za sensa za oksijeni zilizouzwa kwa viwanda vya magari. Mwezi Machi 2015 ikawa zamu ya Bosch, iliyokubali kukiri na kulipa dola milioni 57.8 kwa kupanga bei za plagi, sensa za oksijeni na mota za kuwashia injini. Na mwezi Februari 2018 Tume ya Ulaya iliwatoza Bosch na NGK jumla ya Euro milioni 76 kwa njama ya plagi iliyodumu tangu mwaka 2000 hadi 2011. Denso nayo ilikuwamo katika njama hiyo, ila haikutozwa kitu kwa sababu ndiyo iliyowatolea siri wenzake.

Njama ilikuwa nyepesi. Walikubaliana kuheshimiana wateja: huyu ni wako wa zamani, sitamgusa, na wewe usiguse wangu. Kiwanda cha magari kilipoitisha bei, kilipewa karatasi zenye bei mbalimbali, kumbe waliozileta walikwisha zungumza. Tena si hao peke yao. Upelelezi huo wa Marekani juu ya vipuri vya magari ulizigusa zaidi ya kampuni 40, na faini zake zilipita dola bilioni 2.

Basi ndugu msomaji, liangalie jambo hili vizuri. Mfanyakazi akiomba nyongeza, soko ni kali na mashindano hayana huruma. Mwenye mali akitaka faida, soko huweza kukaa pamoja katika chumba kimoja likanywa chai. Hatusemi kwamba mashindano ni uongo. Yapo, na yamefunga viwanda vingi. Tunasema kwamba si mvua wala jua. Ni jambo linalofanywa na watu, na watu hao hao huweza kuliacha likiwa haliwafai. Mfanyakazi anayeambiwa "mashindano" ana haki ya kuomba kuona hesabu.

PLATINI INATOKA WAPI?

Tumesema sensa imepakwa platini. Iliyo katika sensa ni kidogo mno. Iliyo nyingi hutumika katika vyombo vya kusafishia moshi vinavyofanya kazi pamoja nayo. Sehemu kubwa kabisa ya platini ya dunia huchimbwa Afrika Kusini.

Huko, katika mgodi wa Marikana, wachimbaji waligoma mwezi Agosti 2012 wakidai randi 12,500 kwa mwezi. Tarehe 16 Agosti polisi waliwafyatulia risasi, wakaua wachimbaji 34 kwa siku moja. Hatusemi kwamba watengenezaji wa sensa ndio waliotoa amri. Tunalotaka likumbukwe ni kwamba hewa safi ya California na kazi ya fundi wa Kampala zina mzizi mmoja chini ya ardhi ya Afrika, na kwamba katika mlolongo huo mrefu aliyelipa ghali kuliko wote ni yule aliyekuwa na pato dogo.

GARI LISILO NA MOSHI

Leo kisa hiki kimefika penye njia panda. Gari linalokwenda kwa umeme wa betri halina moshi, na lisilo na moshi halina haja ya sensa ya kuunusa. Hali kadhalika halina plagi.

Wenye viwanda wameliona jambo hilo mapema. Mwezi Aprili 2023 NGK ilibadili jina lake la Kiingereza, ambalo lilikuwa na neno "plagi" ndani yake, ikajiita Niterra. Mwezi Julai mwaka ule ule Niterra na Denso zilitangaza kwamba zimeanza mazungumzo ili biashara ya Denso ya plagi na ya sensa za moshi ihamie Niterra. Waliokuwa washindani watatu wakuu wanaelekea kuwa wawili, safari hii mchana kweupe.

Na wafanyakazi je? Mwezi Septemba 2025 Bosch ilitangaza kwamba itapunguza kazi zipatazo 13,000 katika upande wake wa vyombo vya magari, hasa Ujerumani, hadi kufikia mwisho wa 2030. Si zote ni za sensa, lakini sababu ni ya jamii moja: injini za zamani zinapungua, za umeme zinahitaji mikono michache, na bei zinashindaniwa vikali.

Hapo pana somo kwa vyama vya wafanyakazi. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1976, mwaka ule ule wa sensa ya kwanza, iliwapa wafanyakazi wa kampuni kubwa nusu ya viti katika halmashauri ya kuwasimamia wakurugenzi. Kwa hiyo wenzetu wa chama cha IG Metall waliiona mvua ikiwa bado wingu. Mwaka 2023 walifanya mapatano na Bosch kwamba upande huo wa vyombo vya magari hautafukuza mtu nchini Ujerumani kwa sababu za kibiashara hadi mwisho wa 2027. Mapatano hayo hayazuii kazi kupungua. Yanawapa watu muda wa kujifunza kazi nyingine, na yanamlazimisha mwajiri kuzungumza kabla ya kutenda. Si haba.

NA SISI JE?

Huenda mtu akasema kwamba mambo hayo ni ya Wajerumani na Wajapani. Sivyo. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Uganda tangu 2018 imekataa yaliyopita miaka 15. Maana yake ni kwamba gari la petroli linalouzwa mpya Japani leo laweza kufika Kampala miaka mingi ijayo, kisha likae barabarani miaka mingi mingine. Sensa ya moshi itakuwa bado mikononi mwa mafundi wetu wakati waliokitengeneza kidude hicho wamekwisha geukia kazi nyingine. Watengenezaji wakipungua, hatari ni bei kupanda na vipuri vya bandia kujaa.

Wakati huohuo umeme umekwisha bisha hodi. Pale Jinja kuna kiwanda cha Kiira cha mabasi ya umeme. Basi la namna hiyo halina sensa ya moshi, lakini lina sensa za joto na za umeme wa betri. Fundi asiyefundishwa juu ya hizo atakuwa kama yule kijana wetu, isipokuwa betri hailingani na sensa kwa bei, wala kwa hatari ya kuua.

Kwa mafundi, tuna maneno machache ya kazi. Mashine ikitaja sensa, usiinunue kwanza. Tafuta ufa katika bomba la moshi na penye gasketi. Tazama plagi, kichujio cha hewa, na waya za sensa yenyewe. Kumbuka kwamba injini inayokula oili huipaka sensa masizi, na kwamba gundi za silikoni zisizofaa zikitumiwa kuziba injini huweza kuiharibu. Sensa mbovu ipo, lakini sensa inayosema kweli mbele ya wasioiamini ni nyingi zaidi kuliko tudhaniavyo.

Kwa vyama na waajiri, tunasema matatu. Kwanza, mafunzo ya vyombo vipya yatolewe ndani ya saa za kazi, na mwajiri ayalipie, kwa kuwa faida yake ni yake pia. Pili, mashine ya kupimia isifungiwe ofisini kwa mwenye gereji. Anayewajibika kwa jibu apewe nafasi ya kuuliza swali. Tatu, kipuri kilichobadilishwa kwa kosa lisilo la uzembe kisikatwe katika ujira wa fundi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka mipaka ya makato, nasi tunawahimiza wafanyakazi wamwombe katibu wa tawi lao awasomee kifungu hicho, maana kisichosomwa hakimlindi mtu.

Ama yule kijana, habari zake ni hizi. Mafundi saba wa gereji ile walikwenda pamoja kwa mwenye gereji, si kwa matusi bali kwa heshima, wakamweleza habari ya ule ufa. Yule mzee wa jirani alikwenda nao. Makato yamesimamishwa. Zilizokwisha katwa hazijarudishwa bado, na jambo hilo lingali mezani.

Wenye viwanda vya sensa walijua siku nyingi kwamba kukaa pamoja kuna faida, nao walikaa kwa siri na kwa kuvunja sheria. Mafundi saba wamekaa pamoja mchana, mlango ukiwa wazi, na sheria ikiwa upande wao.